DHARURA NA MPAKA WAKE



Katika darasa letu tumefika mlango wa kanuni za fikihi, nazo ni yale maneno machache ambayo wanavyuoni waliyachuja kutoka katika masuala mengi ili kadhi na mwanafunzi wapate pa kushika. Leo twazitazama tatu. Ya kwanza, kuwa dharura huhalalisha kilichokatazwa. Ya pili, kuwa kilichohalalishwa kwa dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura yenyewe wala hakizidi. Ya tatu, kuwa kilichojuzu kwa udhuru hubatilika udhuru ukiondoka. Watu wetu wengi waijua ya kwanza kwa moyo. Hizo mbili za baadaye huwa kama hawakupata kuzisikia. Na watawala ni vivyo hivyo. Kwa hiyo tumeona mfano wa somo hili usiwe ule wa vitabuni, wa mtu mwenye njaa jangwani aliyekuta nyamafu, bali uwe mambo tuliyoyashuhudia hapa pwani tangu mwaka 2020.

Maradhi ya korona yalitangazwa kuingia Kenya tarehe 13 Machi 2020. Haikwisha Machi misikiti ilikwisha fungwa. Na tarehe 27, siku ya Ijumaa, ikaanza amri ya kutotoka nje tangu saa moja ya usiku hata saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 8 Aprili watu wakakatazwa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Kisha 6 Mei, Ramadhani ya mwaka 1441 ikiwa katikati, Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa peke yake, kama ilivyofungwa Eastleigh ya Nairobi. Kwanza kwa siku 15, kisha zikaongezwa, hata ukafunguliwa 7 Juni. Idi ya mwaka ule watu walisali majumbani.

Hatusemi kuwa kufunga kulikuwa ni dhulma kwa asili yake. Wako waliosema hivyo juu ya vibaraza, na wako waliosema kuwa Muislamu haogopi maradhi kwani ajali imekwisha andikwa. Maneno haya ni ya mtu asiyesoma. Mtume (S.A.W.) amekataza kuingia nchi yenye tauni, na amemkataza aliyemo asitoke kuikimbia, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Basi asili ya kuzuia watu ni yetu kabla ya kuwa ya serikali yoyote ya leo.

Lakini hebu tutazame namna Sayyidna Umar (R.A.) alivyoitumia asili hiyo, maana ndipo penye somo. Alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akapewa habari kuwa tauni imeingia huko. Hakutoa amri papo hapo, na yeye ndiye Amirul-Muuminina. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, wakakhitalifiana vile vile. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakaafikiana kuwa arudi na watu wake. Ndipo akatangaza kurudi. Abu Ubayda akampinga mbele ya watu, akimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa hoja na kwa mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye majani upande mmoja na kavu upande wa pili. Hakumfunga wala hakumpiga. Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf na ile hadithi ya Mtume, mambo yakatulia. Na katika ukame wa mwaka wa Ramada, Umar aliagiza chakula kutoka Misri, na yeye mwenyewe akaacha samli mpaka watu waipate.

Tumeona hapo mambo matatu: shauri kabla ya amri, hoja kwa anayepinga, na chakula kwa aliyebanwa. Kwa mizani hii ndiyo twayapima ya kwetu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina kifungu cha 58 kinachohusu hali ya hatari. Kinasema kwamba hali hiyo ikitangazwa haidumu zaidi ya siku 14 ila Bunge likubali. Mara ya kwanza kwa thuluthi mbili ya wabunge, na baada ya hapo kwa robo tatu. (Wanafunzi wetu waliokwisha isoma Majalla, ule mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya, watakumbuka kuwa kifungu cha 58 cha humo ndicho kinachosema kuwa madaraka ya mtawala juu ya raia yamefungamana na maslaha yao. Ni bahati tu, lakini yafaa kuikumbuka nambari.) Mlango huo wa Katiba haukutumiwa. Amri ya usiku ilitolewa kwa sheria ya utulivu wa umma, ambayo ilitungwa na Mwingereza mwaka 1950, miaka miwili tu kabla ya ile hali ya hatari wazee wetu waliyoikumbuka maisha yao yote. Kwa njia hiyo amri ikawa yaongezwa kwa tangazo baada ya tangazo, hata Rais Uhuru Kenyatta alipoiondoa tarehe 20 Oktoba 2021. Hesabu: ni miezi karibu 19. Huenda kila nyongeza ilikuwa na sababu yake. Lakini aliyekuwa akiipima sababu ni yule yule aliyekuwa akiitoa amri, na jambo hilo ndilo kanuni ya pili ilipowekwa kulizuia.

Na siku ya kwanza ya amri, kivukoni Likoni, askari waliwapiga virungu na kuwarushia moshi wa kutoza machozi watu waliokuwa wamepanga safu wakisubiri feri warudi kwao, saa ya amri haijafika. Rais akaomba radhi siku chache baadaye. Tarehe 16 Aprili 2020 Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu akahukumu kuwa amri yenyewe ni halali, ila nguvu ile ya polisi imevunja Katiba. Twaitaja hukumu hii kwa kuwa ndiyo kanuni zetu mbili za mwanzo kwa sura nyingine, ijapokuwa jaji hakuzitaja.

Karantini nayo ilikusudiwa kuwa tiba na kinga. Ilipotangazwa kuwa atakayevunja amri ya usiku atapelekwa karantini, ikageuka gereza. Na waliotiwa humo wakadaiwa gharama za siku zao, mpaka Mei 2020 serikali iliposema itazibeba yenyewe. Mwaka uliofuata ikaja amri nyingine, kuwa kuanzia 21 Desemba 2021 asiyechanjwa asihudumiwe katika ofisi za serikali. Mahakama ikaisimamisha tarehe 14. Chanjo ni jambo jema, na sisi twaihimiza. Kumlazimisha mtu kwa kumnyima haki yake ni jambo jingine.

Ama mali, tutasema kwa ufupi kwa sababu kila mtu aijua habari yake. Shirika la serikali la kuagiza dawa, KEMSA, lilinunua vifaa vya mabilioni ya shilingi kwa bei iliyopanda, na Mkaguzi Mkuu akaonyesha kuwa vingi vilibaki ghalani. Mtawala akichukua madaraka ya dharura huchukua na amana ya dharura.

Tusijisahau lakini. Vipimo vilipoletwa Mji wa Kale bila ya malipo, wachache walijitokeza. Khofu ya karantini ilikuwa na haki yake, kama tulivyoeleza. Bali uvumi ulikuwa mkubwa kuliko khofu, na sisi wenye mimbari hatukuupinga kwa sauti ya kutosha.

Sasa udhuru umeondoka, na kanuni ya tatu yatutaka tuulize kilichobaki. Kifungu cha 43 cha Katiba humpa kila mtu haki ya afya bora, na chakataza kumnyima yeyote matibabu ya dharura. Bima mpya ya afya, SHA, ilianza 1 Oktoba 2024. Mchango wake uliwekwa asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara akatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Shilingi 3,600 kwa mkupuo si kitu kwa mwenye duka. Kwa mvuvi wa wakati wa kusi, au mama wa mahamri anayelala na faida ya siku moja, ni mlango uliofungwa, na huu hauna askari wala tangazo.

Zamani mlango kama huo ulifunguliwa kwa wakfu. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa katika miaka ya 1280, ilimtibu tajiri na maskini, na gharama zilitoka katika wakfu. Msomaji mmoja ametuuliza kama yajuzu kuwalipia maskini mchango huo kwa zaka. Jawabu: katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, sharti la zaka ni kumilikishwa mwenye kustahiki. Basi usiipeleke ofisini kwa jina lake bila ya yeye kuipokea. Mpe mkononi, naye alipe, au amwakilishe mtu aipokee kwa niaba yake kisha amlipie. Sadaka ya sunna haina sharti hilo. Ama mapato ya wakfu, hayo hufuata sharti la aliyeuweka. Na ni nyumba ngapi za wakfu hapa Mombasa zilizoandikiwa maskini na wagonjwa, hilo ndilo tunalowataka wanafunzi wetu wakalitafute katika hati kabla ya darasa lijalo.