Ushahidi wa Milipuko: Kwa Nini Udongo Safi Nao Huchukuliwa

Baruti ni kemikali ambayo, ikiwashwa, hugeuka kuwa hewa yenye joto kali na shinikizo kubwa katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Shinikizo hilo ndilo livunjalo kuta na kupinda vyuma. Watu wengi hudhani kwamba bomu likishalipuka huteketeza kila alama yake. Sivyo. Aghalabu zipo chembe zisizoungua, ambazo hurushwa na kunata juu ya vipande vya chuma, nguo, mbao na udongo. Chembe hizo hazionekani kwa macho, lakini mkemia aweza kuzitambua.

Kazi katika eneo la tukio

Kwanza eneo hufungwa. Shimo lililochimbwa na mlipuko hupimwa upana na kina, na mahali pa kila kipande huandikwa. Namna vyuma vilivyopinda huonyesha upande nguvu ilikotoka. Kisha vielelezo hutiwa katika vyombo safi, kila kimoja peke yake, na kufungwa kwa lakiri. Haraka yahitajika, maana chumvi za nitrati huyeyuka upesi katika maji: mvua moja yaweza kuziosha zote.

Ugumu wa Tarime na Serengeti

Tuseme nitrati imeonekana katika udongo wa mahali palipolipuka. Je, hiyo yatosha kumtia mtu hatiani? Katika wilaya ya Tarime mkulima hutia mahindi yake mbolea ya CAN, ambayo ina nitrati ya amonia. Kemikali hiyo hiyo ndiyo msingi wa baruti nyingi za migodini, na huko Nyamongo mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza kazi mwaka 2002. Katika wilaya ya Serengeti, inayopakana na hifadhi, gobore la mwindaji hutumia baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, salfa na makaa. Nayo shura ni nitrati.

Kwa hiyo mkulima, mchimbaji, mwindaji na mhalifu wote waweza kuwa na nitrati mikononi. Hii ndiyo sababu mchunguzi mwangalifu huchukua pia udongo wa mbali kidogo, usioguswa na mlipuko, kuwa sampuli ya kulinganishia. Ikiwa udongo huo nao una nitrati kwa kiasi kile kile, alama iliyoonekana haina uzito. T.N.T. ni habari nyingine: haimo katika udongo kwa asili wala haitiwi katika mbolea. Ikionekana, yahitaji kuelezwa.

Funzo la mwaka 1998

Tarehe 7 Agosti 1998 gari lenye bomu lililipuka nje ya Ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam, likaua watu 11. Siku hiyo hiyo watu 213 waliuawa Nairobi. Gari la Dar es Salaam lilikuwa Nissan Atlas la kubebea mizigo, na habari za ununuzi wake zikawa sehemu ya ushahidi katika mahakama ya New York.

Mwaka 2010, katika kesi ya Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani, hakimu alimkataa shahidi muhimu aliyedaiwa kuuza T.N.T., kwa sababu shahidi huyo alipatikana kutokana na maneno ambayo mshtakiwa alitoa kwa kulazimishwa. Mshtakiwa alipatikana na hatia katika shtaka moja, akaachiwa katika mengine zaidi ya 280. Kwa shtaka hilo moja alifungwa maisha. Yafaa kukumbuka, basi, kwamba mahakama haiulizi tu ni kitu gani kimepatikana. Huuliza pia kimepatikanaje, na kimepita mikononi mwa nani.

Wajibu wa mwananchi

Anayefika kwanza palipolipuka si mkemia, bali ni mwanakijiji. Majeruhi waokolewe kwanza. Baada ya hapo watu wakae mbali, kwani huenda kipo kitu ambacho hakijalipuka. Kipande kisiokotwe, damu na majivu visifagiliwe, na polisi waarifiwe. Kipande kilichochukuliwa kuwa ukumbusho chaweza kumwokoa mwenye hatia, au kumfunga asiye na hatia.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini nitrati peke yake si ushahidi wa kutosha?
2. Mvua huharibuje vielelezo?
3. Sampuli ya kulinganishia humlinda nani?