Serikali Moja, Mitazamo Mingi: Funzo la Tozo ya Sukari ya Afrika Kusini

Utangulizi

Mgonjwa wa kisukari anapohudhuria kliniki hushauriwa kupunguza sukari, na ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo, anapotoka nje ya lango la hospitali hukutana na duka lenye jokofu lililojaa soda baridi. Bei ya soda hizo, ukubwa wa chupa na kiasi cha sukari kilichomo viliamuliwa mbali na chumba cha daktari. Mtoa huduma humshauri mtu mmoja kwa dakika chache. Sheria ya chakula hugusa meza ya kila mtu kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, watumishi wa afya na wagonjwa wana haja ya kuelewa jinsi sheria hizo zinavyozaliwa, na jinsi ofisi za serikali zenyewe zinavyotofautiana juu yake kabla hazijapitishwa.

Makala haya yanachambua mfano mmoja: tozo ya vinywaji vyenye sukari ya Afrika Kusini, iliyotangazwa mwaka 2016 na kuanza kutumika mwaka 2018. Baada ya kuyasoma, msomaji ataweza:

1. kueleza kwa nini sekta ya umma haina sauti moja kuhusu sheria ya chakula;
2. kukokotoa jinsi badiliko dogo la maneno ya muswada linavyobadilisha uzito wa sheria;
3. kutambua nafasi yake mwenyewe pale maoni yanapokusanywa.

Pendekezo lilivyoanza

Wizara ya Afya ya Afrika Kusini ilikuwa imeonya kwa miaka kadhaa juu ya ongezeko la magonjwa yasiyoambukiza. Takwimu rasmi za vifo vya mwaka 2016 zilionyesha kuwa kisukari kilikuwa chanzo cha pili cha vifo nchini humo baada ya kifua kikuu, na kwa wanawake kilishika nafasi ya kwanza. Mkakati wa kitaifa wa kudhibiti unene uliopitiliza, wa mwaka 2015 hadi 2020, ulikuwa umeshataja kodi kuwa mojawapo ya njia za kupunguza ulaji wa sukari.

Wizara hiyo ilikuwa na uzoefu wa kutunga masharti ya chakula. Mwaka 2013 ilitangaza kanuni za kupunguza chumvi katika vyakula vya viwandani. Mkate, kwa mfano, haukutakiwa kuwa na zaidi ya miligramu 400 za sodiamu katika kila gramu 100 ifikapo Juni 2016, na miligramu 380 ifikapo Juni 2019. Kanuni hizo zilitolewa chini ya sheria iliyokwisha kuwepo, kwa mamlaka ya waziri wa afya. Sukari ilikuwa jambo jingine. Chombo kilichopendekezwa safari hii kilikuwa kodi, na kodi ni kazi ya Hazina na Bunge. Hapo ndipo suala la afya lilipoingia katika meza ambayo watu wa afya si wenyeji wake.

Mwezi Februari 2016, waziri wa fedha alitangaza tozo hiyo katika hotuba ya bajeti. Mwezi Julai mwaka huo, Hazina ilichapisha andiko la sera na kuwaalika wadau kutoa maoni. Andiko lilipendekeza senti 2.29 za randi kwa kila gramu ya sukari iliyomo katika kinywaji. Tozo ilitarajiwa kuanza Aprili 2017, lakini ilianza Aprili 2018.

Macho manne juu ya chupa moja

Ni kosa kudhani kwamba serikali ikipendekeza sheria, ofisi zake zote huiona kwa namna moja. Kila ofisi hutazama jambo kupitia wajibu iliyokabidhiwa.

Jicho la afya huona wodi. Kwa wizara ya afya, kinywaji chenye sukari ni chanzo cha unene, kisukari, magonjwa ya moyo na kuoza kwa meno. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kodi inayopandisha bei ya rejareja kwa asilimia 20 au zaidi huleta upungufu wa matumizi unaolingana na ongezeko hilo. Kwa jicho hili, tozo ndogo mno ni sawa na dozi isiyofikia kiwango cha kuponya.

Jicho la Hazina huona namba. Hazina hujiuliza kama kodi inakusanyika kwa urahisi, ni nani atakayeibeba, na kama itabadilisha mwenendo wa wazalishaji. Ndiyo sababu ilichagua kutoza gramu za sukari badala ya lita za kinywaji: kodi ya lita huitendea sawa soda tamu sana na soda yenye sukari kidogo, hivyo haimpi mwenye kiwanda sababu ya kupunguza sukari. Wakati huohuo, mapato ya tozo huingia katika mfuko mkuu wa serikali. Jina la tozo lilikuja kuwa la kukuza afya, lakini fedha zake hazikufungwa kisheria kwa ajili ya huduma za afya.

Jicho la viwanda na kilimo huona shamba na ajira. Miwa ya Afrika Kusini hulimwa hasa KwaZulu-Natal na Mpumalanga, katika maeneo ya vijijini ambako kazi nyingine ni adimu. Sekta hiyo ilikuwa tayari imeumizwa na ukame na ushindani wa sukari ya bei nafuu kutoka nje. Mkulima mdogo wa miwa naye ni mwananchi, na familia yake nayo huhitaji chakula na matibabu. Hofu ya kupotea kwa ajira haikuwa kisingizio cha wenye viwanda peke yao.

Jicho la Bunge huona wapiga kura wa pande zote. Mwaka 2017 kamati za fedha na afya zilikaa pamoja kusikiliza wadau: wataalamu wa afya, watengenezaji wa vinywaji, wakulima na vyama vya wafanyakazi. Suala la ajira lilipelekwa pia katika baraza la taifa la majadiliano kati ya serikali, waajiri na wafanyakazi, linalojulikana kwa kifupi kama NEDLAC.

Mitazamo hii minne yote ni halali. Tatizo huzuka pale mmoja unapofika mezani na hesabu kamili huku mwingine ukifika na masikitiko matupu.

Hesabu ya badiliko dogo

Muswada ulipotoka katika majadiliano ulikuwa na sura nyingine. Kiwango kilishuka kutoka senti 2.29 hadi senti 2.1 kwa gramu. Lililo kubwa zaidi, gramu 4 za kwanza katika kila mililita 100 zilisamehewa. Juisi halisi ya matunda haikuguswa.

Ichukuliwe soda ya lita moja yenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Lita hiyo ina gramu 100 za sukari, yaani takriban vijiko 25 vya chai.

- Kwa pendekezo la awali: gramu 100 × senti 2.29 = senti 229, yaani randi 2.29.
- Kwa sheria iliyopita: gramu 100 – 40 zilizosamehewa = 60; 60 × senti 2.1 = senti 126, yaani randi 1.26.

Tozo ya soda hiyo ilipungua kwa karibu asilimia 45. Aliyesikia kwamba kiwango kimeshuka kutoka senti 2.29 hadi 2.1 alidhani ni punguzo dogo. Aliyesoma kifungu cha msamaha ndiye aliyeona ukubwa wake.

Hata hivyo, msamaha huo ulikuwa na upande wa pili. Iwapo kiwanda kitapunguza sukari ya soda ileile hadi gramu 5 katika mililita 100, lita moja itatozwa gramu 10 tu, yaani senti 21. Kutoka senti 126 hadi 21 ni kichocheo kikubwa cha kubadilisha mchanganyiko. Kwa hiyo sheria iliyopita ilikuwa laini zaidi kwa bei, lakini bado ilikuwa na meno kwa mwenye kiwanda.

Kilichofuata

Utafiti uliofuatilia manunuzi ya kaya, uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet Planetary Health, ulikuta kwamba sukari iliyotokana na vinywaji vinavyotozwa ilishuka kutoka takriban gramu 16 kwa mtu kwa siku kabla ya tangazo hadi chini ya gramu 11 katika mwaka uliofuata utekelezaji. Sehemu ya upungufu huo ilionekana hata kabla tozo haijaanza. Ikumbukwe kwamba utafiti huo ulipima manunuzi. Haukupima idadi ya wagonjwa wapya wa kisukari.

Mvutano haukuisha. Mwaka 2019 kiwango kilipandishwa hadi senti 2.21. Mwaka 2020 wizara inayosimamia biashara na viwanda iliongoza makubaliano ya kuinusuru sekta ya sukari, na bajeti ya mwaka 2023 ilisimamisha ongezeko la tozo kwa miaka miwili. Kiwango kisichopanda huliwa polepole na mfumuko wa bei. Sheria ya chakula, kama ugonjwa sugu, huhitaji kufuatiliwa hata baada ya dalili za mwanzo kupungua.

Yanayomhusu mgonjwa moja kwa moja

Mabadiliko ya sukari katika vinywaji yana athari ya kitabibu ambayo kila kliniki ya kisukari inapaswa kuifundisha. Mgonjwa anayetumia insulini, au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, huelekezwa kutumia takriban gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka anapopata kutetemeka, jasho na kizunguzungu. Katika soda yenye gramu 10 kwa mililita 100, kiasi hicho hupatikana katika mililita 150. Ikiwa soda hiyo imepunguzwa hadi gramu 5, atahitaji mililita 300. Soda isiyo na sukari haitamsaidia kabisa, ingawa chupa inafanana. Mgonjwa afundishwe kusoma lebo, na nchi inayotaka kupunguza sukari ihakikishe lebo inasomeka.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Mgawanyo wa ofisi haupo Afrika Kusini peke yake. Nchini Tanzania, mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka mamlaka iliyokuwa ikijulikana kama TFDA, ambayo sasa ni TMDA, kwenda Shirika la Viwango, TBS, lililo chini ya wizara yenye dhamana ya viwanda na biashara. Kwa hiyo anayejadili sheria ya chakula kwa jicho la afya hana budi kuzungumza pia na wenye jicho la viwango na biashara. Nchini Kenya, ibara ya 118 ya Katiba ya mwaka 2010 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake za kutunga sheria. Nchini Tanzania pia, kamati za Bunge hupokea maoni ya wadau kuhusu miswada.

Milango hiyo ikifunguliwa, mambo matatu yatamsaidia mtumishi wa afya:

1. Asome vifungu vyenyewe, hususan misamaha na tarehe za kuanza, na asiishie kwenye kichwa cha muswada.
2. Afike na takwimu za kituo chake: idadi ya wagonjwa wapya, waliokatwa viungo, waliopoteza uwezo wa kuona, na gharama zake. Takwimu hizo zitolewe kwa utaratibu wa ofisi na bila kufichua siri ya mgonjwa yeyote.
3. Aiheshimu hofu ya ajira kwa kuijibu. Pendekezo linalomkumbuka mkulima wa miwa lina nafasi kubwa zaidi ya kupita kuliko linalomsahau.

Mgonjwa naye si mtazamaji. Ushahidi wa mtu anayeishi na ugonjwa, akieleza anachotumia kwa mwezi kununua dawa na siku alizokosa kwenda kazini, ni taarifa ambayo hakuna wizara inayoweza kuitoa kwa niaba yake.

Hitimisho

Afya hulindwa pia katika kumbi ambamo hakuna hata mgonjwa mmoja. Iwapo watu wa afya hawatakuwepo humo, gramu 4 za msamaha zitaamuliwa na waliokuwepo.

Maswali ya kujadili

1. Kokotoa tozo ya soda ya nusu lita yenye gramu 8 za sukari kwa mililita 100, kwa pendekezo la awali na kwa sheria iliyopita mwaka 2017.
2. Katika wilaya yako, ni ofisi zipi za umma zinazohusika na chakula, na kila moja ingetazama vipi tozo kama hii?
3. Ni takwimu gani tatu za kituo chako ungeziwasilisha mbele ya kamati ya Bunge?