Mwenzi wako akuone kwenye ramani, lakini kwa ridhaa yako

Mimi ni fundi simu Kariakoo. Kazi nyingi zinazofika mezani kwangu ni vioo na betri, lakini lipo ombi jingine ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: "Fundi, niwekee kitu kwenye simu ya mke wangu nijue anakwenda wapi." Wanawake nao huja na ombi hilohilo juu ya waume zao. Siweki. Kazi ya namna hiyo siigusi mpaka mwenye simu awepo na akubali mwenyewe. Hata hivyo mteja simfukuzi, maana mara nyingi nyuma ya ombi lake kuna hofu ya kweli, na hofu hiyo ina njia ya wazi ya kuituliza. Ndiyo ninayotumia na mke wangu.

Yeye ni muuguzi, na kuna wiki anatoka zamu usiku. Akishapanda bajaji kurudi Mbagala ananirushia lokesheni ya WhatsApp. Unafungua mazungumzo yenu, unabonyeza alama ya kuambatisha, unachagua mahali, kisha ile ya moja kwa moja. Utapewa muda wa aina tatu: dakika 15, saa 1 au saa 8. Sisi saa 1 hututosha. Muda ukiisha inajizima yenyewe, na hicho ndicho kinachonifanya niipende kuliko nyingine zote: mwisho wake umewekwa tangu mwanzo.

Kwa safari ndefu, mathalani dereva wa lori anayeenda Tunduma, Google Maps inafaa zaidi. Bonyeza picha ya akaunti yako juu kulia, ingia sehemu ya kushiriki mahali ulipo, chagua mtu na muda. Humo kuna chaguo la kuendelea mpaka uzime mwenyewe. Hilo silishauri. Safari huisha, watu wanasahau, na miezi inapita mtu akionwa bila kukumbuka kwamba anaonwa.

Kabla ya kugusa simu, kaeni mzungumze. Tuliyokubaliana sisi ni machache: inawashwa kwa ajili ya usiku, mimi peke yangu ndiye ninayeiona, mashemeji na wifi hawamo. Na akiamua kuizima, sitamhoji kama yuko kizimbani. Hili la mwisho ndilo linalobeba mengine yote. Kama kuizima kunaleta ugomvi au kununiwa siku mbili, basi hata alipokubali hakukubali, aliogopa. Kuna wanaosema haki ni kila mmoja amwone mwenzake muda wote. Sikubaliani nao. Mimi kazini nafika mchana na narudi jioni. Hakuna sababu ya mke wangu kunifuata kwenye ramani, na hajawahi kuitaka. Mahitaji ya watu wawili si lazima yafanane.

Jueni pia kwamba ile nukta hudanganya. Simu ikiwa ndani ya jengo, au katikati ya maghorofa kama haya ya Kariakoo, haipati setilaiti vizuri, hivyo inakisia kwa kutumia minara ya simu na WiFi za jirani. Kosa linaweza kufika mamia ya mita. Bando likikata, au simu ikiingia kwenye hali ya kubana chaji, nukta inabaki pale ilipoonekana mwisho. Nimeletewa simu na mama aliyekuwa analia kwa sababu nukta ya mumewe ilikaa juu ya nyumba ya wageni mchana kutwa. Gereji anayofanyia kazi yule bwana iko ng'ambo ya barabara hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kusema neno, angalia ilisasishwa saa ngapi, halafu piga simu uulize kwa upole.

Sasa upande wa siri. Watu wengi wanaoniambia "nahisi nafuatiliwa" hudhani kuna programu kubwa ya kijasusi. Mara nyingi ninachokikuta ni cha kawaida kabisa: akaunti ya Gmail. Simu ilinunuliwa na mume, au na mchumba, akaifungulia akaunti yeye, na nywila anayo hadi leo. Mwenye nywila hiyo anaweza kuingia kwenye huduma ya Google ya kutafuta simu iliyopotea akaona simu ilipo, na akafungua picha na majina yaliyohifadhiwa humo. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usalama, utazame vifaa vilivyoingia na namba ya kurejeshea akaunti. Kama namba si yako, akaunti bado iko mikononi mwa mwingine hata ukibadilisha nywila.

WhatsApp nayo ina orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta usiyoijua ikiwemo humo, kuna mtu anasoma meseji zako. Kwenye iPhone yenye iOS 16 au zaidi kuna Safety Check, inayokuonyesha nani unamshirikisha nini.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni laini. Hapa Tanzania laini husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, na kuna wake wengi wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mume. Aliyesajiliwa ndiye mwenye laini. Anaweza kwenda dukani kuirudisha kwenye kadi mpya, na ile namba ya uthibitisho ya WhatsApp ikafika kwake. Piga *106# uone laini zilizo chini ya kitambulisho chako. Yako isipokuwemo, anza kushughulikia usajili.

Programu za upelelezi zipo pia. Kwenye Android tazama kama Play Protect imezimwa bila wewe kujua, kisha pitia programu zenye ruhusa ya ufikivu na zile zenye mamlaka ya kusimamia kifaa. Ile *#21# inayosambazwa kwenye magrupu inaonyesha tu kama simu zako zinaelekezwa kwenye namba nyingine. Haigundui upelelezi wowote. Na anayetamani kumwekea mwenzake programu hizo ajue zinakopeleka siri za nyumba yake: mwaka 2021 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliipiga marufuku SpyFone, na mwaka 2023 LetMeSpy ya Poland ilidukuliwa, taarifa za waliokuwa wakifuatiliwa zikaibwa.

Kisheria, ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kosa kuingia kwenye kifaa cha mtu isivyo halali. Cheti cha ndoa hakikupi ruhusa hiyo, na fundi anayekusaidia naye hana pa kujificha.

Neno la mwisho ni kwa wewe unayesoma haya ukiogopa mtu unayeishi naye. Usifute chochote leo. Ukiondoa programu au ukibadilisha nywila ghafla atajua, na hasira yake hujui itaishia wapi. Tumia simu ya mtu unayemwamini kuomba msaada, piga picha ulichokikuta kwa simu hiyo nyingine, jipangie kwanza pa kwenda. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda na simu yako ikiwa vilevile ilivyo, waione wenyewe.