Tumaini la Mwenye Kungoja
(Warumi 8:23-25)

Mtume Paulo atufundisha kwamba kitu kikiisha kuonekana kwa macho, hakitumainiwi tena. Neno hili twaweza kulifahamu kwa habari ya Kwihara, karibu na Tabora.

Tarehe 14 Machi 1872 Bwana Stanley alimwacha Daktari Livingstone pale, akashika njia ya misafara kwenda pwani, ili ampelekee wapagazi. Livingstone alibaki, mwili umedhoofika, asijue kama mwenzake amefika Bagamoyo ama amefia njiani. Alingoja miezi mitano, na maandiko yake ya kila siku hayafichi uchovu wake. Wenye kutumaini nao huugua rohoni, kama mstari wa 23 uonyeshavyo. Basi si vema kumkemea mfiwa aliaye, kana kwamba ameikana imani.

Wapagazi walifika mwezi wa Agosti. Lakini chemchemi za Nile, alizozitafuta, hakuziona. Alikufa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Ndipo Susi na Chuma, pamoja na baadhi ya wale aliowangoja, walipouchukua mwili wake. Walipofika Kwihara, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike huko. Wakakataa, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874.

Walimu, ulizeni darasani: Livingstone alipokuwa Kwihara alitumaini kupata nini, naye alipewa nini?