Ukizuru Chumba cha Habari: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Mawasiliano, Kipkelion

Kijitabu hiki ni chako wewe mwanafunzi wa mawasiliano unayetoka Kipkelion, Fort Ternan, Londiani au Chepseon, na ambaye chuo chako kimekupangia ziara katika kituo cha televisheni jijini Nairobi. Wageni wengi wakifika huko hukodolea macho taa, kamera na sura wanazozijua kwenye skrini, wakapiga picha, wakaondoka. Wewe tazama maamuzi: nani anaamua, saa ngapi, na kwa kigezo kipi.

Asubuhi mezani

Omba kufika wakati wa kikao cha wahariri. Kwa macho hakina mvuto. Watu wamezunguka meza, kila mhariri wa dawati anataja alichonacho, wa siasa, wa kaunti, wa biashara, wa michezo, na kila habari inapigwa maswali. Imethibitishwa na nani? Picha zipo? Upande wa pili umeulizwa? Zinazopita huingizwa kwenye mpangilio wa taarifa na kupewa muda. Habari ya kawaida hupata kama dakika 2, na mkulima aliyehojiwa nusu saa shambani kwake huenda akasikika kwa sekunde 15 tu. Mtafute aliyeyakata mahojiano hayo, umuulize aliacha nini nje na kwa nini.

Jioni mpangilio unapovunjika

Mfano unaujua. Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, lori lililobeba kontena lilitoka barabarani kwenye makutano ya Londiani, likayakumba magari, bodaboda na wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Taarifa ya Kiswahili katika vituo vingi vya Kenya imezoeleka kusomwa saa moja. Hesabu mwenyewe muda uliobaki.

Saa kama hiyo, yaliyokubaliwa asubuhi huwekwa kando. Mhariri wa zamu humpigia mwandishi aliye karibu, Kericho au Nakuru, huku simu za watu walioko pale zimeshaanza kusambaza video. Idadi ya waliofariki hupanda kila mara, kwa hiyo kila idadi hutajwa pamoja na aliyeitoa: polisi, hospitali au Msalaba Mwekundu. Mtangazaji akisema kituo bado kinathibitisha, usimwone mzembe.

Picha ndizo ngumu zaidi. Kanuni za maadili zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 zinamtaka mwanahabari awe mwangalifu mbele ya watu walio katika majonzi. Video ya maiti barabarani inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isistahili kuonyeshwa, kwa kuwa huenda mamake marehemu hajapigiwa simu. Waulize wahariri nani ana kauli ya mwisho wakibishana juu ya picha ya namna hiyo.

Studioni

Hapa utapita upesi. Simama mbele ya kamera utazame kioo kilichoinama kwenye lenzi. Maneno kwenye skrini iliyo chini yake yamegeuzwa kinyumenyume, na kioo ndicho kinachoyarudisha sawa ili mtangazaji ayasome huku akionekana kumtazama mtazamaji machoni. Sikioni ana kifaa kidogo kinachomletea sauti kutoka chumba cha mitambo, anahesabiwa sekunde hali anaendelea kusoma.

Usivae kijani. Pazia la kijani ndilo ambalo kompyuta huligeuza kuwa ramani ya hali ya hewa, na shati lako litageuka nalo. Simu uizime kabisa.

Serikali na mtazamaji

Televisheni ilianza nchini mwaka 1962, na kwa miaka mingi kituo kilikuwa cha serikali peke yake, hadi KTN ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1990. Uhuru wa vyombo vya habari umo katika kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010. Hata hivyo, tarehe 30 Januari 2018 serikali ilizima Citizen, NTV na KTN siku kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, alipokula kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe hewani. Hazikurudi mara moja. Ukimpata mfanyakazi aliyekuwapo, muulize siku hizo alifanya nini.

Mtazamaji anayeona ameonewa na habari aanze kwa mhariri wa kituo. Asiporidhika, aende kwa Tume ya Malalamishi iliyoundwa chini ya sheria hiyohiyo ya 2013. Anukuu tarehe, saa na jina la kipindi.

Kericho si chai pekee

Habari ya Kericho ikisomwa, hata iwe ya bei ya maziwa, mara nyingi huonyeshwa mashamba ya majani chai na mchumaji mwenye kikapu mgongoni. Hizo ni picha za maktaba, na huchaguliwa kwa sababu ndizo zilizo karibu. Kipkelion kuna kahawa, mahindi na ng'ombe wa maziwa, na kuna reli ya Kisumu iliyopita hapo tangu mji ulipoitwa Lumbwa. Omba ufunguliwe maktaba ya video, andika jina la kwenu, uone kinatokea nini. Kisha mwendee mhariri wa kaunti. Muulize kama anapokea habari za waandishi wa kujitegemea, anataka video za ubora gani, na malipo hutoka lini. Hilo la malipo usilionee haya.