Krimu Imefungiwa Kabatini

«Shangazi, nina miaka 56, hedhi ilikatika nikiwa na 52. Joto la ghafla lilinitesa kama miaka miwili, kisha likaondoka lenyewe. Kilichobaki naona haya kukisema. Huko chini kumekuwa kukavu, kunawasha, na tendo la ndoa limekuwa kama kupakwa pilipili. Mkojo nao unanichoma mara kwa mara. Dukani nimepewa dawa za fangasi, nimepewa sipro, nimeambiwa nina UTI sugu. Mume wangu hasemi kitu, ila siku hizi analala ameelekea ukutani, na ninajua anawaza nini. Jirani ameniletea shabu nijioshee. Mwisho nikaenda kwa daktari wa akina mama, akanipima, akaniandikia krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni. Nilipofika nyumbani nikasoma karatasi iliyomo kwenye boksi: saratani ya matiti, kiharusi, damu kuganda, hata kupoteza kumbukumbu! Mama yangu mdogo alifariki kwa saratani ya titi. Nimeifungia krimu kabatini, huu mwezi wa pili. Niitumie au niitupe? – Mama wa Wanne, Tanga»

Shangazi anaanza na jibu, maana mwenye barua amesubiri vya kutosha: aitumie. Daktari amempima, na barua haitaji saratani yoyote aliyowahi kuugua mwenyewe wala damu inayotoka bila sababu. Kwa mtu wa hali hiyo, estrojeni ya kuweka ukeni kwa dozi ndogo ni dawa salama na inafanya kazi. Lakini aliyetishwa na maandishi hatulizwi kwa kuambiwa tu «usiogope», kwa hiyo sababu zake ni hizi.

Ovari zikiacha kazi, estrojeni mwilini hushuka sana. Ngozi laini ya ndani ya uke iliyokuwa ikilishwa na homoni hiyo hupungua unene, hukosa damu ya kutosha na kupoteza unyevu wake. Sukari iliyokuwa ikihifadhiwa kwenye chembe za ngozi hiyo nayo hupungua, na bakteria wazuri walioishi kwa kuila hubaki na njaa. Hao ndio waliokuwa wakitengeneza tindikali ya kuzuia vijidudu vingine. Wakitoweka, vijidudu vinavyotoka njia ya haja kubwa hupata pa kukaa, na kutoka hapo hadi kwenye njia ya mkojo ni hatua chache. Njia ya mkojo na kibofu navyo hutegemea estrojeni hiyohiyo. Ndiyo sababu mwanamke mmoja anaweza kuwa na ukavu, muwasho, maumivu wakati wa tendo la ndoa, kubanwa mkojo usiku na mkojo wa kuchoma, akadhani ana magonjwa matano, kumbe chanzo ni kimoja. Na tofauti na lile joto la ghafla, hali hii haiondoki yenyewe. Ikiachwa, kwa kawaida huzidi.

Sasa tuingie dukani. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu akisema anawashwa, mkono wa muuzaji huenda moja kwa moja kwenye dawa za fangasi. Lakini fangasi wa ukeni hustawi pale penye estrojeni. Baada ya hedhi kukoma huwa nadra zaidi, isipokuwa kwa mwenye kisukari au anayetumia homoni. Kwa hiyo dawa ya fangasi ikishindwa mara ya kwanza na ya pili, swali si «nimpe ipi kali zaidi?» bali «je, ni fangasi kweli?» Mama wa Wanne apime sukari kama hajapima mwaka huu. Na mkojo ukimchoma tena, aombe uoteshwe maabara kabla hajameza kidonge chochote. Antibiotiki kama sipro ikimezwa kwa kubahatisha huwafundisha vijidudu kuizoea, na hapo ndipo usugu wa kweli unapoanzia.

Krimu yenyewe inaweza kuwa kinga ya huo mkojo wa kuchoma. Mwaka 1993 watafiti wawili, Raul Raz na Walter Stamm, walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu wanawake 93 waliokoma hedhi na waliokuwa wakisumbuliwa na UTI za kujirudia. Kundi moja lilipewa krimu ya estrioli ya ukeni, ambayo ni aina mojawapo ya estrojeni, na la pili krimu isiyo na dawa. Waliopewa krimu tupu waliugua karibu mara sita kwa mwaka kwa wastani. Wenye estrioli waliugua nusu mara, yaani mara moja kwa miaka miwili. Ni zaidi ya miaka thelathini tangu habari hiyo itoke, na bado wako wanawake wanaomezeshwa antibiotiki kila baada ya miezi miwili bila mtu hata mmoja kuwauliza hedhi ilikoma lini.

Ile karatasi ya kwenye boksi ina historia yake. Marekani kulikuwa na utafiti mkubwa ulioitwa Women's Health Initiative. Sehemu yake moja iliwahusisha wanawake 16,608 wenye umri wa wastani wa miaka 63, na waliopangiwa dawa walimeza kila siku kidonge chenye homoni mbili: estrojeni na projestini. Mwaka 2002 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda vilikuwa vimeongezeka miongoni mwao. Mwaka uliofuata, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo kali lichapishwe kwenye dawa zote za estrojeni: za kumeza, za kubandika na za kuweka ukeni. Krimu ikaingizwa kwenye hatia ya kidonge, ingawa utafiti ule haukuijaribu kabisa.

Baadaye ikachunguzwa. Mwaka 2018 watafiti wa mradi uleule walitoa taarifa ya wanawake zaidi ya 45,000 waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliokuwa wakitumia estrojeni ya ukeni hawakuonekana kupata zaidi saratani ya matiti, saratani ya mji wa mimba, kiharusi wala damu kuganda kuliko wasioitumia. Madaktari wa menopozi, yaani kukoma hedhi, waliomba kwa miaka mingi onyo lile lifutwe, na Novemba 2025 FDA ikatangaza kuanza kuliondoa. Karatasi zilizokwisha kuchapishwa, hata hivyo, hazijifuti. Zitaendelea kusomwa na kutisha watu kwa muda, Tanga na kwingineko.

Anayependa hesabu na aichukue hii. Kuna kijidonge cha ukeni chenye mikrogramu 10 za estradioli, aina nyingine ya estrojeni. Kinawekwa kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Ukijumlisha mwaka mzima wa mwanzo unapata kama mikrogramu 1,140, yaani zaidi kidogo ya miligramu moja. Kidonge cha homoni cha kumeza kwa kawaida kina miligramu moja au mbili, na hicho ni cha siku moja! Dozi za krimu hutofautiana, nyingine zina homoni nyingi zaidi, ndiyo maana alama iliyo kwenye bomba la kuingizia krimu ni ya kufuatwa na haizidishwi kwa kudhani kwamba nyingi ndiyo itaponya haraka. Uingereza, tangu Septemba 2022, kijidonge hicho huuzwa famasi bila cheti cha daktari kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi ambao hawajaona hedhi kwa mwaka au zaidi, baada ya mfamasia kuwauliza maswali. Shangazi hashauri mtu ajinunulie kwa mtindo huo huku kwetu, kwa sababu atakayoieleza mwishoni.

Na mama mdogo? Mungu amrehemu. Kuwa na ndugu aliyeugua saratani ya matiti si kizuizi cha kutumia dawa hii. Kwa aliyeugua mwenyewe ni habari nyingine: huyo huanza na vilainishi visivyo na homoni, na akiona havimtoshi huzungumza na daktari wake wa saratani, hasa kama anameza anastrozole au letrozole, ambazo kazi yake ni kushusha estrojeni hadi chini kabisa. Mama wa Wanne hayumo kwenye kundi hilo. Ila historia hiyo ya ukoo amweleze daktari, kwa kuwa inamhusu upande mwingine, wa kuchunguzwa matiti.

Matumizi yake si magumu. Wakati wa kulala ananawa mikono, anajaza krimu kwenye bomba hadi kwenye alama aliyoonyeshwa, analala chali magoti juu, analiingiza taratibu bila kulazimisha, kisha anasukuma. Bomba linaoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka. Akiona mlangoni mwa uke ndiko kunakouma zaidi, amwulize daktari kama kiasi kidogo kinaweza kupakwa hapo kwa kidole. Ratiba afuate aliyoandikiwa. Iliyozoeleka ni kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Ikiwekwa usiku wa Jumatatu na Alhamisi haisahauliki kwa anayefunga sunna siku hizo. Mwezi wa Ramadhani hauleti utata, maana dawa ni ya usiku.

Siku za mwanzo inaweza kuchoma kidogo, kwa sababu ngozi yenyewe ni nyembamba. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili au tatu, lakini kazi yake kamili huchukua kama miezi mitatu. Wengi huiacha wiki ya kwanza, na wengine huiacha wakishapona. Hilo la pili ndilo linalomsikitisha Shangazi zaidi, kwa kuwa dawa ikiachwa ukavu hurudi. Haina kikomo cha miezi sita wala mwaka. Inatumika kadiri inavyohitajika, na daktari aulizwe kila mwaka kama bado inafaa. Isipakwe muda mfupi kabla ya tendo la ndoa: si kilainishi, na homoni itamfikia bwana. Kwa kazi hiyo anunue kilainishi cha maji kisicho na harufu na kisicholeta joto. Mafuta ya nazi yanaweza kufaa, ila hupasua kondomu.

Shabu aitupe leo. Inakausha na kubana, yaani inaongeza kilekile anacholalamikia, na uke mkavu ukibanwa huchubuka. Ndimu, siki, sabuni na ugoro visiingie huko pia. Udi aufukizie khanga na shuka; ngozi iliyokonda haihitaji moshi. Kunawa nje kwa maji matupu kunatosha.

Kuhusu bwana aliyeelekea ukutani, Shangazi ana maneno machache. Pwani mwari huwa na somo wake, na mengi hufundishwa kabla ya ndoa, hata namna ya kupokea shuka. Ya miaka hamsini na kuendelea hayana mwalimu, kwa hiyo mke na mume hubaki kila mmoja akibuni jibu lake. Mke anadhani mume anatafuta mwingine. Mume anadhani hatakiwi, au aliona mwenzake akiuma meno akaogopa kumuumiza, akanyamaza. Amwambie waziwazi, mchana, wakiwa wamekaa: «Bwana, si kwamba sikutaki. Panaumia, mwili umebadilika baada ya hedhi kukoma, na nimepewa dawa. Nipe wiki chache.» Wiki hizo zisiwe za kukaa mbalimbali kitandani. Kama maumivu yamekuwepo muda mrefu, misuli nayo imezoea kujikaza kabla hata hajaguswa, hivyo waanze taratibu, na akisema basi iwe basi.

Imebaki ile sababu ya kutomruka daktari. Nchini Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake, na moja ya dalili zake ni damu baada ya tendo la ndoa, dalili ambayo ukavu nao unaweza kuileta. Kwa macho ya mgonjwa hakuna tofauti. Mama wa Wanne arudi kwa daktari wake aulize swali moja: «Mlango wa kizazi uliuangalia?» Kama hakuangalia, apimwe, huku akiendelea na krimu yake. Kipimo cha kupaka siki hakitoshi sana kwa wanawake wa umri huu, maana sehemu inayotakiwa kuonekana hurudi ndani baada ya hedhi kukoma. Kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, panapopatikana, ni bora zaidi.

Na kwa kila msomaji wa safu hii aliyepitisha mwaka mzima bila hedhi: ukiona damu, hata tone moja kwenye chupi, hata kama haiumi, hata kama unatumia krimu na unadhani ndiyo iliyoileta, usinunue dawa dukani wala usingoje mwezi ujao. Nenda hospitali wiki hiyohiyo, useme neno «damu» tangu pale mapokezi.