Afya ya dereva wa lori huanzia nyumbani kwake



Mtu anayepita Malindi, upande wa bandarini, hukuta malori yamejipanga yakisubiri zamu ya kupakia. Mchele, unga, saruji, mabati na mizigo mingine inayoingia Unguja kwa meli huchukuliwa hapo ikapelekwa Mwanakwerekwe, Mkokotoni, Paje, Makunduchi na kwengineko. Sisi tulio majumbani huyajua malori kwa moshi na honi zake tu. Ni mara chache tunamfikiria aliyeshika usukani: amekula nini, amelala saa ngapi, na mara ya mwisho alipima presha lini.

Leo safu yetu inazungumza na familia ya mtu huyo: mke, mama mzazi, watoto wakubwa, na pia mwenye gari aliyemwajiri. Dereva mwenyewe akisoma itamfaa, lakini tunaanza na watu wa nyumbani kwa sababu maalumu. Maradhi yanayowamaliza madereva wengi hayana kelele. Mwenyewe hayahisi, na daktari hawezi kuyaona mpaka aendewe. Anayeweza kuziona dalili za mwanzo ni yule anayelala naye, anayempikia na kumfulia nguo.

Safari fupi, siku ndefu

Baadhi ya watu husema dereva wa Unguja hana taabu, maana kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 85 hivi, si sawa na anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Hoja hii inasahau saa za kusubiri. Dereva anaweza kuamka saa 10 alfajiri, akawahi foleni Malindi, akapakia mchana, akashusha jioni na kurudi usiku. Barabarani amekaa saa chache, lakini kwenye kiti amekaa siku nzima, ndani ya joto, bila ya kutembea wala kula kwa wakati.

Pia wapo wengi wanaolipwa kwa tripu. Asiyepeleka mzigo hana cha kupeleka nyumbani. Akiumwa kichwa anameza vidonge viwili na kuendelea, na hospitali huahirishwa mpaka wiki ijayo, kisha mwezi ujao.

Ulevi usio na pombe

Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulilinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe. Ilionekana kuwa mtu akikaa macho saa 17 mfululizo, wepesi wa akili na mikono yake hupungua mpaka akafanana na mwenye ulevi wa asilimia 0.05 katika damu. Katika nchi nyingi mtu akifikia kiwango hicho haruhusiwi kuendesha gari.

Hebu tupige hesabu. Aliyeamka saa 10 alfajiri hutimiza saa 17 ifikapo saa 3 usiku. Huenda hajaonja pombe maisha yake yote, lakini saa hiyo anaendesha kama aliyelewa, na nyuma yake ana tani za saruji. Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata zaidi ya mita 65 katika sekunde 4 tu, karibu upana mzima wa uwanja wa mpira. Sekunde 4 ndizo zinazotosha kope kuteremka na kupanda bila ya mwenyewe kujua.

Dawa ya usingizi ni kulala. Mirungi imekatazwa kisheria, na juu ya hayo huupandisha mapigo ya moyo na presha, kisha ikiisha nguvu huuacha mwili umechoka zaidi. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini na sukari nyingi. Humficha mtu uchovu wake bila ya kuuondoa.

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kwa siku. Asipozipata zote usiku, kuna qailula. Mwili wenyewe hulegea baina ya saa 8 na saa 10 mchana, na zaidi baina ya saa 8 usiku na alfajiri. Akiwa foleni, anywe kikombe cha kahawa, kisha alale dakika 20 hali ya kuwa gari imezimwa na utingo yupo macho. Kahawa huchukua kiasi cha nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo ataamka wakati inaanza kumsaidia.

Nyumbani, usingizi wa dereva uheshimiwe kama tunavyouheshimu usingizi wa mgonjwa. Watoto wachezee uani, redio ipunguzwe, wageni waambiwe ukweli kuwa baba amelala.

Hapa mke ana ushahidi ambao hakuna mwengine anao. Ukimsikia anakoroma kwa nguvu, kisha pumzi zinakatika kwa muda, kisha anashtuka kama anayepaliwa, usilichukulie jambo hilo kuwa mzaha wa kusimulia ukumbini. Huo ni ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Huwapata zaidi wanaume wanene wenye shingo nene, huongeza presha, na humfanya mtu asinzie mchana hata akilala saa nane. Mwambie uliyoyaona, na mfuatane kwa daktari.

Maradhi yasiyobisha hodi

Presha na kisukari ndiyo maradhi mawili yanayoingia mwilini bila ya kubisha hodi. Kukaa kitako siku nzima, chumvi, mafuta, sukari, sigara na mawazo ya deni huyafungulia mlango. Presha ya kawaida haizidi 120 kwa 80. Ikipimwa kwa siku tofauti na ikawa 140 kwa 90 au zaidi, huo ni ugonjwa unaohitaji matibabu, hata kama kichwa hakiumi. Sukari ikipimwa asubuhi kabla ya kula ikawa 7 au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, hicho ni kisukari.

Watu wa nyumbani waangalie dalili hizi: kiu isiyokwisha, kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, kupungua mwili bila ya sababu, kidonda cha mguu kisichopona, ganzi miguuni, na macho kuona ukungu. Wapo madereva wanaouficha ukungu huo wakiogopa kunyang'anywa gari. Kuuficha ni kuhatarisha roho yake na za wapita njia.

Ipo dalili moja isiyosubiri hata saa moja. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, au maneno yakawa hayaeleweki ghafla, hicho ni kiharusi. Baadhi ya jamaa zetu husema ni upepo mbaya, wakaanza kuzunguka kwa waganga mpaka siku ya pili. Matibabu ya kiharusi yana faida kubwa zaidi katika saa za mwanzo. Dua isomwe, na isomwe ndani ya gari linalokwenda hospitali.

Kikapu cha dereva

Chakula cha njiani kwetu ni kitamu: chipsi mayai, sambusa, maandazi, urojo, na soda baridi ya kuteremshia. Tatizo ni kula hivyo kila siku. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 au zaidi, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na bora zaidi asizidi 25. Chumvi isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku nzima.

Kikapu kinachofungwa nyumbani hupunguza hayo, na hupunguza matumizi pia. Si lazima kiwe cha gharama. Muhogo wa kuchemsha, samaki wa kuchoma, mchicha, maharage, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu na machungwa hupatikana Darajani na sokoni Mwanakwerekwe. Chakula kifungwe kikiwa cha moto katika chombo safi chenye mfuniko, na kiliwe mapema. Wali wa nazi uliokaa kwenye joto tangu asubuhi hauliwi saa 10 jioni.

Maji na tohara

Dereva wengi hujizuia kunywa maji ili wasisumbuke kutafuta choo. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni alama kwamba mwili umekauka, na mwenye mazoea hayo hujitafutia mawe ya figo. Anywe kidogo kidogo tangu asubuhi, na asiubane mkojo kwa saa nyingi.

Katika gari pawe na vyombo viwili vya maji visivyofanana: kimoja cha kunywa, na kimoja cha kutawadhia na kutawazia. Pawe na sabuni pia. Udhu humsafisha mtu kwa ajili ya swala, lakini mikono iliyoshika dizeli, kamba na noti inahitaji sabuni kabla ya kula. Hatujasahau kipindupindu kilichoingia Zanzibar mwaka 2015 na kuendelea mwaka 2016. Maradhi hayo hupita katika maji machafu na mikono isiyooshwa. Chupa ya mkojo inayotupwa kando ya barabara nayo ni najisi na uchafu kwa mtoto atakayeiokota.

Anayebeba saruji avue nguo za kazi kabla ya kumpakata mtoto, na nguo hizo zifuliwe mbali na za wengine. Vumbi lake hukausha na kuunguza ngozi, na huwasha macho na kifua.

Mwezi wa Ramadhani

Dereva mwenye kisukari, khasa anayetumia sindano, amwone daktari kabla ya Ramadhani kuingia. Sukari ikishuka ghafla mtu hutetemeka, hutoka jasho na huchanganyikiwa, na huwezi kuchanganyikiwa ukiwa na lori mkononi. Ikitokea hivyo asimamishe gari na afungue. Kuhusu mgonjwa na msafiri sharia ina rukhsa zake, na masheikh wapo wa kuulizwa. Kwa anayefunga, tende na maji ziwemo ndani ya gari, ili adhana ya Magharibi isimkute anakimbilia nyumbani kwa mwendo wa hatari.

Anayevuka bahari

Wapo vijana wa Unguja wanaovuka kwenda Bara na kushika malori ya njia ndefu, wiki tatu hawajaonekana nyumbani. Njia kuu za malori zimekuwa pia njia za Ukimwi. Tanzania Bara wagonjwa wa mwanzo walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na hapa Zanzibar mwaka 1986. Kinga ya mwanzo ni kumcha Mungu na kutulia katika ndoa. Juu ya hilo, mume na mke wapime pamoja, bila ya kutuhumiana. Anayekutwa na virusi akatumia dawa kila siku huishi umri mrefu, na virusi vikifubazwa hadi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Huduma pia zimesogezwa njiani: shirika la North Star Alliance, lililoanzishwa mwaka 2006, limeweka zahanati ndani ya makontena ya buluu kando ya barabara katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo.

Simu na maneno ya mlangoni

Mama, usimpigie simu mfululizo akiwa barabarani. Wekeni nyakati, kwa mfano baada ya Adhuhuri na baada ya Magharibi, akiwa amesimama. Mtoto akitaka kuzungumza na baba, asubiri wakati huo. Habari nzito, kama ada ya skuli au deni la dukani, ingoje mpaka ameoga, amekula na ametulia. Wala hatusemi mke abebe yote peke yake. Naye huchoka, hulea peke yake, na ana haki ya kusikilizwa. Baba akirudi, saa yake ya kwanza iwe ya familia, si ya baraza.

Na wewe mwenye gari, kumlazimisha dereva tripu ya tatu usiku ni kuiweka rehani gari yako na roho yake. Mpe siku ya kupumzika na ruhusa ya kwenda kupima bila ya kumkata posho. Mchangie hifadhi ya jamii ya ZSSF, na kama amejiajiri, ajiunge na mpango wake wa hiari. Dereva akianguka leo, mjane na mayatima wataanza kuuliza kesho.

Ya kufanya wiki hii

1. Mpelekeni akapime presha na sukari, kituo cha afya kilicho karibu au Mnazi Mmoja. Andikeni majibu na tarehe katika daftari la nyumbani.

2. Apime macho.

3. Hesabuni saa alizolala kwa siku saba. Zikiwa chini ya 49, kaeni mzungumze nini kipunguzwe.

4. Mfungieni kikapu na maji angalau siku nne za kazi.

5. Kila anaposimama ateremke, atembee dakika tano na kunyoosha mgongo.

6. Aliyeandikiwa dawa za presha asiziache kwa kuwa anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anazitumia.

Ndugu msomaji, ukiwa una baba, mume, kaka au jirani anayeendesha lori, msomee makala hii jioni ya leo, kisha mwulize amepima lini. Mwenyezi Mungu awahifadhi madereva wetu na awarudishe salama kwa watu wao.

Wabillahi tawfiq.